Bonde lililomo ndani ya daladala

Mwanangu anadai "daladala" ni mlio wa gari bovu. Kweli? (Msomaji, Tandika)

Mwambie hapana, ingawa magari ya siku zile yalistahili. Mwaka 1983 serikali iliporuhusu watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, kazi iliyokuwa ya UDA, shirika la umma la mabasi ya jiji, nauli ilikuwa shilingi tano. Tano hiyo mtaani iliitwa dala, yaani dola. Konda akiita "dala! dala!" alikuwa anatangaza bei. Nauli imeshapanda mara nyingi, jina bado linadai tano.

Sasa shilingi tano na dola wapi na wapi? (Ilala)

Ni neno lilelile. Kuna wakati dola moja ya Marekani ilikaribia shilingi tano za Kiingereza, na Waingereza wenyewe, mitaani kwao, sarafu yao ya shilingi tano waliiita dola.

Lifuate nyuma zaidi. Karne ya 16, katika mji wa Joachimsthal, leo Jáchymov huko Jamhuri ya Cheki, ilichimbwa madini ya fedha na kufuliwa sarafu zilizoitwa Joachimsthaler. Jina refu, watu wakalikata: thaler. Waholanzi wakalitamka kivyao, Waingereza kivyao, likawa dola. Pwani yetu nayo ilimjua ndugu yake, thaler ya Maria Theresa yenye mwaka 1780, ambayo wazee waliiita riale.

Sasa, "thal" kwa Kijerumani ni bonde. Kwa hiyo anayepanda daladala ya Mbagala, kwa asili, anapanda bonde-bonde. Nikikumbuka mashimo ya barabara zetu za ndani, sina ubishi.

Na hela? (Temeke)

Mjerumani tena. Heller, sarafu ndogo aliyoileta kwenye koloni lake 1904, mia moja kwa rupia. Nayo ina mji wake: Hall, kusini mwa Ujerumani.

Mimi kwetu Rorya. Dala ni nyumbani. Ndilo hilohilo? (Kinondoni)

La. Lako ni la Kijaluo, yamekutana kwa sauti tu, hayana udugu. Lakini nawaza: jioni moja ya enzi zile, Mjaluo mgeni mjini amesimama kituoni Kariakoo, amechoka, mara konda anamwitia "dala, dala!" Angeachaje kupanda?