Mada Baadaye, Kwanza Leta Makumbi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Malindi aliniandikia. Amemaliza chuo, ana wenzake wachoraji na wachongaji, na wanataka kuandaa maonyesho ya sanaa kuhusu bahari na mazingira. Aliniuliza mambo mawili: achague mada gani, na wadhamini anawapata wapi. Najua wengi mnaonisoma mna nia hiyo hiyo, kwa hiyo namjibu mbele yenu.

Mdogo wangu, mada iweke kando kwanza, na wadhamini pia. Ukitangaza "Mabadiliko ya Tabianchi" utaletewa picha za kasa, za mikoko na za samaki walionaswa kwenye plastiki, na mtazamaji atatoka na yale yale aliyoingia nayo. Anza na kitu kinachoshikika, chenye uzito na harufu yake.

Maonyesho niliyoyaandaa ambayo watu wa hapa Amu, yaani Lamu, huyataja mpaka leo yalianza na makumbi ya nazi. Mnajua kazi ile: makumbi hufukiwa kwenye tope la ufuoni, yakakaa miezi hadi yakalainika, kisha akina mama wakayafukua, wakayaponda na kusokota kamba. Msanii niliyekuwa naye hakutaka kamba kavu ya dukani. Alitaka ile ya makumbi yaliyotoka topeni siku hiyo hiyo. Tuliitundika kwenye boriti za nyumba ya kale mjini, ikashuka mikanda kwa mikanda mpaka sakafuni, ikidondosha maji meusi juu ya chokaa. Ikanuka, tena sana! Chumba cha nyumba zetu za mawe ni chembamba, kwa kuwa upana wake hufuata urefu wa boriti ya mkoko, na harufu ile haikuwa na pa kutokea. Wageni fulani wakataka iondolewe. Nilikataa katakata.

Baada ya alasiri wakaingia wazee. Mmoja aliishika kamba, akaivuta kwa nguvu zake zote, akaanza kueleza jinsi mitepe, vyombo vya bahari vya zamani, ilivyoshonwa kwa kamba kama hiyo, ubao kwa ubao, bila msumari hata mmoja. Chumba kizima kikanyamaza kumsikiliza. Maelezo niliyobandika ukutani hayakusomwa na mtu, na nilifurahi. Kazi ilikuwa imejieleza.

Kisha maonyesho yakapelekwa Nairobi. Barua na vibali nisiwachoshe navyo. Kitabu cha maonyesho kilipochapishwa, wasokota kamba waliandikwa "jamii ya wenyeji", nami sikutajwa popote. Nililalamika, nikajibiwa kwa heshima, na hakikubadilika kitu. Linaniuma hadi leo. Akina mama wale wana majina, na walikuwa wameniandikia kwa mkono wao ili yasikosewe.

Kwa hiyo sikilizeni. Mwenye mikono iliyotengeneza kitu aandikwe jina sawasawa na msanii, alipwe kabla ya mlango kufunguliwa, na aulizwe kitu chake kiwekwe vipi. Tazameni Flipflopi, ile dau ya mita 9 iliyozinduliwa hapa Lamu mwaka 2018, iliyotengenezwa kwa takribani tani 10 za taka za plastiki na kupambwa kwa ndara zipatazo 30,000. Mwaka 2019 ikaenda kwa tanga hadi Zanzibar. Imetajwa duniani kote, na jina la fundi Ali Skanda limetajwa pamoja nayo, kwa sababu plastiki ile ilichongwa kwa ujuzi wa mafundi wetu kama ubao. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Tena msije mkawahubiria watu wa hapa kuhusu mazingira. Leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu ilifutwa na mahakama ya mazingira Juni 2019, na sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu waliopita hapo wanatambua mara moja maonyesho yanayowasemea bila kuwauliza.

Mambo ya mikono sasa. Ukuta wa mawe ya matumbawe usiupige msumari, plasta ya chokaa itamomonyoka. Tundika juu kwenye boriti, na uliza kwanza ipi imeliwa na mchwa. Kulabu ziwe za shaba nyeupe, maana chuma hakidumu na hewa ya chumvi. Karatasi ndani ya kioo huvuta unyevu na kujikunja, hasa mvua za masika zikishuka. Na kama kazi imeundwa ioze au iyeyuke, iache. Msanii Olafur Eliasson alipopanga mapande 12 ya barafu ya Greenland mjini Paris mwaka 2015, wakati wa mkutano wa tabianchi, watu waliyakumbatia na kuyaona yakiisha mikononi mwao. Hakuna aliyeleta jokofu.

Sasa wewe wa Malindi. Mto Sabaki unapita karibu nawe, unabeba udongo wa bara, na mvua zikinyesha huko juu bahari yenu hugeuka nyekundu kama chai ya maziwa. Huo udongo umetoka kwenye mashamba ya watu ambao hawajawahi kuiona Malindi. Kaskazini kuna mashamba ya chumvi ya Ngomeni na Gongoni, na kuna watu wanaoikusanya chumvi hiyo juani. Tope na chumvi, una maonyesho tayari, hata mdhamini hajasikia habari yako. Nenda Mambrui ukazungumze na wavuvi, uwaulize maji yakiwa mekundu wanahamia wapi na wanapata samaki gani. Rekodi sauti zao kwa idhini yao. Ila usichukue tumbawe wala kombe ndani ya hifadhi ya bahari, hata lililokufa. Sheria hairuhusu, na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, hawatakuuliza kama wewe ni msanii.