Boma, ngome au tembe?

Swali: Naandika ripoti ya akiolojia kuhusu vijiji vya karne ya 19 vilivyozungushiwa kuta kwenye njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Tabora na Ujiji. Mwenzangu anaviita "ngome", mimi "boma". Nani yuko sahihi? Na je, naweza kuandika kwamba watemi wa Ugogo walipokea hongo? – Mwanafunzi, Dodoma

Jibu: Naelekea upande wako, ila si moja kwa moja. Ngome hujengwa kwa ajili ya vita, kama Ngome Kongwe ya Unguja. Boma ni uzio, uwe wa miti, miiba au udongo, na ndani yake watu wanapika, wanalala, wanafunga ng'ombe. Basi andika "kijiji chenye boma".

Wingi ndio mtego. Andika "maboma ya Dodoma" uone: diwani atadhani unadai fedha za kumalizia madarasa yaliyoishia kwenye lenta! Na "bomani", tangu enzi za Wajerumani, ni kwenye ofisi za serikali. Kama zimebaki kuta tu, sema "magofu".

Kwa Ugogo kwenyewe lipo neno zuri kuliko yote hayo: tembe. Ni nyumba ya paa bapa la miti na udongo, na mara nyingi nyumba hizo huungana kuzunguka ua wa mifugo, hata ukuta wa nyuma wa nyumba ukawa ndio boma lenyewe. Usilitafutie mbadala.

Mwenzako naye tumpe haki yake huko Tabora. Kwikuru, makao ya mtemi Isike wa Unyanyembe, yalikuwa ngome hasa. Wajerumani walishindwa kuyateka mwaka 1892, wakafanikiwa Januari 1893. (Jina hilo ni ndugu wa "ikulu", neno tulilopewa na Wanyamwezi.)

Kuhusu hongo, neno libaki, ila kitenzi kibadilike. Siku hizo hongo ilikuwa ushuru wa njia, uliolipwa waziwazi kwa vitambaa na shanga ili msafara wa pembe za ndovu upite na kupata maji. Andika "walitoza hongo". Ukiandika "walipokea", msomaji wa leo atawaza rushwa na TAKUKURU, taasisi ya kupambana nayo. Na inapotajwa mara ya kwanza, ongeza "yaani ushuru wa njia".