Chausiku anaenda Hamburg, ila sio mwezi wa tisa

SWALI: Shikamoo daktari. Mi msomaji wenu wa Tabata. Tarehe 28 mwezi wa 9 namfuata mume wangu Hamburg, na nina paka wangu Chausiku, mweusi tii, miaka mitatu, kilo tano na nusu, nilimuokota mtaroni hajafungua hata macho. Chanjo ya kichaa cha mbwa alichomwa mwaka jana, kadi ninayo. Mume anasema niache kujisumbua paka hata Ujerumani wapo, mama mkwe ndo kabisaa anaona nimerukwa na akili. Tiketi yangu nshakata. Namuandaaje kwa safari ndefu hivyo? Na je nimpe Piritoni alale njiani, maana watoto wa dada nikisafiri nao basi la Tanga dawa yao ndo hiyo hiyo.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mume mwambie paka wapo wengi ila Chausiku ni mmoja.

Sasa habari mbaya naitoa kwanza tumalizane nayo: tarehe 28 Chausiku haondoki. Sio kwamba ndege itamshinda, makaratasi ndo hayatawahi. Umoja wa Ulaya wana orodha yao ya nchi wanazoziamini kwa upande wa kichaa cha mbwa, Tanzania haimo, na Kenya na Uganda hazimo pia, kwa hiyo paka wa huku lazima apimwe damu waone chanjo imeshika kweli, na kinga kwenye majibu isome 0.5 IU kwa mililita au zaidi kutoka maabara waliyoidhinisha wao. Kabla ya yote anawekwa chipu ya kumtambulisha chini ya ngozi, ile ya tarakimu 15. Hapa ndo watu wanalia, chanjo iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiki, maana kadi inasema paka mweusi na paka weusi Dar wamejaa, nani ajue ni huyu? Kadi yako ya mwaka jana weka kumbukumbu, anachomwa upya.

Piga hesabu na mimi. Tuseme chipu na chanjo ni 10 Agosti, damu inachukuliwa baada ya siku 30, yaani 9 Septemba, afu unasubiri miezi mitatu kuanzia siku damu ilipochukuliwa, unafika 9 Desemba. Huo ni mwendo wa haraka kabisa na hakuna wa kumpa soda aufupishe. Hati ya afya ya daktari wa mifugo wa serikali ndo inakuja mwisho, kwa sababu ni lazima uingie nayo Ulaya ndani ya siku 10 tangu isainiwe, na kibali cha kumtoa nchini unaomba Wizara ya Mifugo na Uvuvi.

Najua unawaza basi ndugu yako atamleta Desemba. Anaweza, umuandikie idhini, ila safari yake na yako zisipishane zaidi ya siku 5, zikizidi anahesabika mzigo wa biashara na masharti ni mengine. Ningekuwa mimi ningetangulia, paka abaki na mtu anayemzoea, nije likizo ya Krismasi nirudi naye mwenyewe.

Hiyo miezi minne usiione hasara, ndo ya kumuandaa. Nunua begi lake leo, liweke sebuleni wazi na khanga uliyoivaa, isiyofuliwa, umlishie humo humo mpaka aone ni chumba chake. Wengi wetu begi tunalitoa siku ya kwenda kwa daktari tu, paka akiliona anajua sindano hiyo, lazima apande juu ya kabati. Akishazoea unafunga zipu dakika tano, kesho kumi, afu mnapanda bajaji mnazunguka mtaa mnarudi, mnapata zawadi ya dagaa. Mzoeshe na mkanda wa kifuani pia, kwa sababu uwanja wa ndege begi linapita tupu kwenye mashine na paka unambeba mkononi, na paka aliyeshtuka mikononi mwako pale hata walinzi kumi hawamkamati. Omba mkaguliwe kwenye chumba cha pembeni.

Kuhusu kukaa naye ndani ya ndege, mashirika mengi ya Ulaya yanaruhusu paka chini ya siti akiwa na begi lake wasizidi kilo 8, kwa hiyo Chausiku anaingia, dagaa tu zisizidi. Nafasi zinahesabika, piga simu kabla ya kulipia. Emirates paka hakai kabini, ila kipanga wa kuwindia anakaa kwenye baadhi ya safari za Pakistani, ndo mambo ya Waarabu hayo.

Siku yenyewe mpe chakula kidogo masaa manne mpaka sita kabla, maji usimnyime, chini ya begi tandika zile pedi za kunyonya mkojo.

Piritoni hapana. Dawa za kulaza zinashusha presha na kumvuruga pumzi na joto la mwili, na mashirika mengi yakiona paka amelegea yanamkataa. Kwa paka waoga sana kuna dawa tunaandika, inajaribiwa nyumbani kwanza, sio kwenye mawingu. Na Panadol usimpe hata robo, inaua paka.

Mkifika mfungie chumba kimoja na beseni lake la mchanga, akijificha chini ya kitanda muache. Ila akipitisha siku nzima hajala, mpeleke kwa daktari, paka asiyekula ini lake linajaa mafuta haraka.

SWALI: Daktari mi wangu ni wa Kiajemi, pua bapa, naenda naye Toronto. Nimeambiwa aende kwenye mizigo, ni sawa?

JIBU: Sio sawa kwa pua hiyo. Paka wa pua bapa wanahangaika kupumua kukiwa na joto au wakishtuka, na mashirika mengi hayawapokei huko chini kabisa. Tafuta ndege ya kumuweka miguuni kwako, hata kama ni ghali kidogo au inazunguka.