Balbu Hazikuwa Feki, Mimi Ndiye Niliyekurupuka

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimenunua balbu nne za waifai, zinamemeta tu, hazishiki mtandao. Nimepigwa?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Hilo donda langu mwenyewe halijapona.

Mimi nilinunua sita Kariakoo. Wakwe walikuwa wanakuja kwetu Tabata kwa mara ya kwanza, nami nilitaka baba mkwe akishakaa tu kochini, niguse simu, sebule nzima ibadilike rangi. Usiku wa kuamkia ugeni nilikuwa juu ya stuli hadi saa nane. Balbu inamemeta, programu inazungusha kiduara chake weee, mwisho inaniambia imeshindikana. Mke wangu, aliyenishikia stuli muda wote huo, alisema neno moja: "Shuka." Wazazi wake tukawapokea kwa tyubu ya zamani, ile inayokoroma.

Walipoondoka nikazirudisha dukani kwa makelele. Kijana wa duka hakubishana. Akawasha hotspoti ya simu yake, akachomeka balbu moja, ikashika. Akaigeuza kijani mbele ya wateja wote, kisha akaniuliza kwa upole, "Bro, ruta yako, kile kisanduku cha waifai nyumbani, inarusha masafa gani?"

Sikuwa na jibu.

Balbu nyingi za waifai zinasikia masafa ya gigahezi (GHz) 2.4 tu. Ruta nyingi za siku hizi zinarusha 2.4 na 5 kwa jina moja la mtandao. Simu inakimbilia 5 kwa sababu ya kasi, na programu ya balbu ikiikuta huko inachanganyikiwa. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, tenganisha majina. Kwangu kuna "Nyumbani" na "Nyumbani5". Wakati wa kuunganisha, simu ikae kwenye 2.4. Na kama usalama wa ruta umewekwa WPA3 peke yake, yaani ile aina mpya ya ulinzi wa waifai, rudisha WPA2 ya zamani, maana balbu nyingi hazijui WPA3. Usiisikitikie 5: 2.4 ina mwendo wa kobe lakini inapenya tofali vizuri zaidi, na taa yangu ya getini inaishi kwa hiyo.

Siku ukinunua ruta nyingine, ipe jina lilelile na pasiwedi ileile, balbu zitaingia zenyewe. Mimi nilibadilisha jina kwa mbwembwe. Stuli tena, mara sita.

Ndugu zangu, tunapenda vitu vya kisasa ila kusoma boksi hatutaki! Pale pembeni palikuwa pameandikwa 2.4 GHz, mimi boksi nikalichana kama mtoto wa Krismasi. Soma kwanza. Uliza kabla ya kulipa. Na kabla hujamwita mtu tapeli mbele za watu, kaangalie ruta yako.

Mwezi uliopita baba mkwe kaja tena. Nikagusa simu, sebule ikawa zambarau. Mzee akatazama juu, akanigeukia: "Mwanangu, kwani swichi ya ukutani imeharibika?"