Mtoeni nje atembee, na dawa aendelee nazo

Wiki hii nimechagua maswali ya mazoezi ya nje kwa ndugu zetu wenye magonjwa makubwa ya akili, skizofrenia (mtu anasikia sauti au kuamini mambo ambayo hayapo), bipola (hisia zinapanda na kushuka kupita kiasi) na mengine ya namna hiyo, maana simu imejaa na kuna ambayo nimeshayajibu mara nne tano.

Shikamoo. Mwanangu ana miaka 26, ana skizofrenia, tangu aanze dawa amenenepa sana. Tukimwanzishia mchakamchaka si tunaweza kuziacha? (Mama, Buhongwa)

Marahaba mama. Hapana. Swali hili naulizwa kila wiki na jibu ni lile lile, mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Ni kweli zipo dawa zinazonenepesha, olanzapini na klozapini ndo zinaongoza, mtu anakula ugali saa saba akashiba, saa tisa njaa imerudi. Hilo mpelekeeni daktari wake kliniki, mwambieni uzito ulikuwa kilo ngapi na sasa ni ngapi, apimwe sukari na presha, daktari anaweza kubadili dawa au dozi, lakini ni yeye, sio wewe na shangazi yake mkikaa sebuleni. Nimeona vijana waliopunguziwa vidonge nyumbani kwa nia njema kabisa, mwezi haujaisha wako wodini na hali mbaya kuliko mwanzo.

Na mchakamchaka aanze, tena kwa sababu kubwa kuliko tumbo. Shirika la Afya Duniani linasema wenye magonjwa haya makali wanakufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, na wengi kinachowaondoa ni moyo, kisukari, magonjwa ya mwili tu. Familia nzima inahangaika na sauti anazosikia, moyo wake hakuna anayeuangalia.

Kwa wiki afanye dakika ngapi? (Igoma)

Watu wazima wote tunashauriwa angalau dakika 150 za kutembea kwa kasi. Asianze na hizo. Aanze na 10, kutoka nyumbani mpaka kwa muuza vitumbua na kurudi.

Mume wangu ana bipola, anatumia lithiamu. Anapenda kukimbia mchana akitoka kazini, kuna shida? (Kitangiri)

Ipo dada yangu, na nashukuru umeuliza kabla. Mtu akitoka jasho jingi bila kunywa maji, lithiamu inabaki nyingi kwenye damu na inageuka sumu. Ukiona mikono inatetemeka kuliko kawaida, anatapika, anaharisha, anapepesuka au maneno yanakuwa mazito, usisubiri kesho, hospitali siku hiyo hiyo. Akimbie asubuhi, saa kumi na mbili na nusu barabara ya Capri Point hapa Mwanza ina upepo wa ziwa na jua halijawa kali, abebe chupa ya maji, na asikatishe chumvi ghafla kwa sababu kuna mtu kamwambia chumvi mbaya, chumvi ikipungua figo nazo zinaishikilia lithiamu.

Hili halikuulizwa ila nalisema. Wanaotumia klopromazini ngozi inaungua haraka na jua, wavae kofia na mikono mirefu, na wakiinuka wainuke taratibu maana kizunguzungu kinaangusha. Wanaotumia Artane, ile ya kutuliza mtetemo na kukakamaa kunakoletwa na dawa za akili, jasho linapungua, mwili unashindwa kupoa, kwa hiyo habari ya kukimbia saa nane mchana wasahau.

Badala ya kukimbia aogelee ziwani? (Igombe)

Mwenye kifafa, hapana, hata kama anajua kuogelea tangu utoto. Wengine pia nawashauri watembee ufukweni tu, kichocho bado kipo maji ya kandokando.

Tuna kikundi cha mchakamchaka Nyakato. Kijana mmoja aliyetoka wodi ya akili anataka kujiunga, wenzangu wanaogopa atafanya fujo. Tumkubali? (Kiongozi)

Mkubalini, kesho asubuhi kama inawezekana. Wengi wenye magonjwa haya hawana fujo na mtu, wao ndo wanapigwa, wanaibiwa, wanafungiwa chumba cha uani miaka, na jirani anajua anakaa kimya. Hapo ndo naumia. Tunasema tunawapenda halafu tunaona aibu wakionekana barabarani.

Muulize mwenyewe anataka nini, usiongee na kaka yake kana kwamba yeye hayupo. Mpe mwenzake mmoja wa kudumu wa kukimbia naye, mtu mtulivu, awe na namba ya ndugu na ajue kliniki yake iko wapi. Akichoka atembee, asipokuja siku mbili mwende kumjulia hali, maana kuacha kuja, kukosa usingizi, kuanza kujitenga, mara nyingi ndo dalili za mwanzo kwamba ugonjwa unarudi na mkiwahi analindwa. Kama hatulii hata dakika moja, miguu inahangaika tu, msimwambie ajikaze, inaweza kuwa dawa ndo inamfanya hivyo, daktari aambiwe. Zile nyimbo za kumtaja kichaa ziacheni kabisa. Na picha zake msirushe kwenye grupu la WhatsApp bila yeye kukubali, ugonjwa wake sio tangazo la kikundi.

Mganga amesema asitoke nje siku 40. (Pasiansi)

Atoke leo.

Raba lazima ziwe mpya? (Mabatini)

Hapana, za mtumba pale Mlango Mmoja zinatosha, mradi soli haijaisha na zisibane vidole. Kama ana kisukari akirudi mkague nyayo, kidonda kidogo anaweza asikisikie.