Maswali ya Wasomaji: Yemen, Rais Aliyekula Pesa za Kupigana na Magaidi

Toka tuandike juu ya zile meli zilizopigwa Bahari Nyekundu simu yetu imejaa meseji, wengi mnauliza hawa Houthi, wapiganaji wa kaskazini mwa Yemen, walitoka wapi na kwa nini nchi yenyewe haikai sawa. Nimechagua maswali matano, majina nimeyaacha.

"Mhariri mimi naendesha lori, niko Arua. Saudia matajiri, Oman wako vizuri, Dubai ndo usiseme, Yemen imepakana nao lakini maskini vile, kwani mafuta hawana?"

Wanayo ndugu yangu, ila kidogo. Karibu mwaka 2001 walikuwa wanatoa kama mapipa 440,000 kwa siku, Saudia hapo jirani inatoa mamilioni, na baada ya hapo ikawa ni kushuka tu. Serikali nayo ilikuwa inategemea hayo hayo mafuta kwa sehemu kubwa sana ya pesa zake. Halafu kuna jambo la 1990 ambalo watu wengi wameshalisahau: Saddam wa Iraq alipoingia Kuwait, Yemen ilikuwa na kiti kwenye Baraza la Usalama la UN na ikakataa kuunga mkono vita dhidi yake, basi Saudia ikakasirika ikafukuza vibarua wa Kiyemeni kwa mamia ya maelfu, watu waliokuwa wanatuma pesa nyumbani kila mwezi wakarudi na mabegi tu. Na maji pia ni shida, mji mkuu Sana'a unakaukiwa visima huku mashamba ya mairungi yakinywa maji mengi kuliko chakula.

Lakini wewe ni mtu wa lori hili utalielewa haraka. Serikali ilikuwa inaweka ruzuku kwenye dizeli ili mwananchi anunue kwa bei ya chini. Sasa wakubwa na makamanda wakawa wanachukua hiyo dizeli ya bei ya chini wanaipitisha kwa magendo nje ya nchi wanaiuza kwa bei ya dunia. Pesa ya ruzuku inatoka hazina kila mwaka, mkulima mwenye pampu ya maji anapanga foleni na jerikeni, na tofauti ya bei inaingia mfukoni mwa watu wachache. Umaskini wa namna hiyo usiuweke kwenye jangwa, kuna watu waliukalia mezani wakaupanga.

"Nafundisha historia sekondari hapa Mbale. Wanafunzi waliniuliza, Marekani ilimsaidia rais wa Yemen miaka mingi kupigana na al-Qaeda, mbona al-Qaeda ndo ikazidi kukua? Sikuwa na jibu zuri."

Mwalimu hili ndo swali lenyewe, naomba nikae nalo kidogo.

Rais huyo, Ali Abdullah Saleh, alishika Yemen Kaskazini Julai 1978. Marais wawili kabla yake walikuwa wameuawa ndani ya miezi tisa hivi, yule wa mwisho kwa bomu lililofichwa kwenye mkoba, kwa hiyo watu walidhani huyu naye hatamaliza mwaka. Alikaa miaka 33. Alikaaje? Kwa kuweka ndugu zake kwenye kila bunduki: mtoto wake Ahmed akapewa Republican Guard, kikosi chenye nguvu cha jeshi, wapwa wakapewa usalama na walinzi wa ikulu, ndugu yake wa mzazi mmoja akapewa jeshi la anga. Masheikh wa makabila wakawa wanalipwa mshahara wa serikali, adui wa leo anapewa pesa kesho anakuwa rafiki wa kumpiga rafiki wa jana. Mwenyewe alisema kutawala Yemen ni kama kucheza dansi juu ya vichwa vya nyoka.

Sasa ona Saleh alivyomtumia nyoka mmoja. Mwaka 1990 Kaskazini na Kusini ziliungana, 1994 wakapigana, na Saleh akawachukua vijana waliorudi kutoka vita vya Afghanistan, wale wa jihadi, wakamsaidia kuwapiga wasoshalisti wa Kusini. Akashinda, akabaki na deni kwao. Ndo maana walipopiga ile meli ya kivita ya Marekani, USS Cole, pale Aden tarehe 12 Oktoba 2000 wakaua mabaharia 17, uchunguzi ulikuwa unaburuzwa miguu. Februari 2006 wafungwa 23 wa al-Qaeda wakachimba handaki kutoka jela ya usalama Sana'a mpaka kwenye msikiti wa jirani wakaondoka, mmoja wao ni Nasir al-Wuhayshi ambaye baadaye akawa mkubwa wa al-Qaeda yote ya Bara Arabu. Wafungwa 23 mwalimu! Handaki halichimbwi kwa siku moja, na mimi siamini kwamba hakuna askari aliyeona udongo unatoka.

Na hapa ndo pesa inaingia. Al-Qaeda ikinyamaza, Washington inasahau Yemen. Al-Qaeda ikifanya fujo, pesa inakuja. Krismasi ya 2009 yule kijana Mnigeria alijaribu kulipua ndege inaenda Detroit na bomu la kwenye nguo ya ndani alilopewa Yemen, na mwaka uliofuata msaada wa kijeshi wa Marekani ukapanda ukapita dola milioni 150. Vikosi vilivyofundishwa na kupewa silaha kwa ajili ya magaidi vilikuwa vya mtoto na mpwa wa rais, na kazi yao kubwa ikawa kumlinda baba. Wafadhili pia walikutana London 2006 wakaahidi dola bilioni 4.7 za maendeleo. Kwenye jeshi kulikuwa na wanajeshi hewa wengi, kamanda anapokea mshahara wa watu ambao hawapo na bunduki zao anaziuza sokoni. Hapa Uganda hilo tunalijua, tume ya 2003 ilichunguza wanajeshi hewa wakati watu wa Kaskazini wanachinjwa na waasi wa LRA, kwa hiyo wanafunzi wako waambie wasifikiri ni tabia ya Waarabu.

Desemba 2009 kombora la Marekani lilianguka kijiji cha al-Majala, mkoa wa Abyan, Yemen, wakafa raia zaidi ya 40, wengi wao watoto na wanawake. Serikali ya Saleh ikasema ni sisi tuliopiga. Baadaye barua za siri za ubalozi zikavuja, zikaonyesha alimwahidi jenerali wa Marekani kwamba wataendelea kusema mabomu ni yao. Mtu aliyezika watoto wake pale, rais wake mwenyewe anamdanganya, na al-Qaeda wanakuja matangani na chakula na maneno mazuri. Unaona mwenyewe nani atasikilizwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa darasa lako: yule mtu hakushindwa vita ya ugaidi, hiyo vita ilikuwa ndo mapato yake, na mtu hamalizi kitu kinachomlisha.

"Assalaam aleikum. Niko Bombo. Kila bomu likilipuka watu kwenye taxi wananiangalia kwa sababu ya kanzu. Andikeni ukweli, ugaidi Yemen ni dini au ni siasa?"

Waaleikum salaam mzee wangu, na pole sana, hilo la taxi linaumiza na halina haki yoyote.

Angalia waliokufa ni akina nani. Mei 2012 mtu alijilipua Sana'a katikati ya wanajeshi wanaofanya mazoezi ya gwaride, zaidi ya 90 wakafa, Waislamu. Machi 2015 mabomu yalipigwa kwenye misikiti Sana'a siku ya Ijumaa watu wako kwenye swala, zaidi ya 130 wakafa, na waliosema ni sisi ni wale wa Islamic State. Kampala Julai 2010 tulipoteza watu zaidi ya 70 wakiangalia fainali ya Kombe la Dunia na kati yao Waislamu walikuwemo pia.

Na mwaka 2011 Wayemeni wenyewe walitoka barabarani bila silaha, katika nchi ambayo bunduki iko karibu kila nyumba, wakalala kwenye mahema miezi na miezi. Tarehe 18 Machi walipigwa risasi kutoka juu ya paa, kama 50 wakafa siku moja, na bado hawakuondoka. Tawakkol Karman, mwanamke wa hijabu, mwanachama wa chama cha Kiislamu, akapata Nobel ya Amani mwaka huo. Mimi nikiulizwa dini ya Yemen inafananaje nawaonyesha yale mahema.

"Mwanafunzi wa sheria, Kampala. Saleh alishtakiwa? Na zile pesa?"

Hakushtakiwa. Novemba 2011 alisaini makubaliano Riyadh, Saudia, aondoke madarakani, na bunge lake likampa kinga ya kutoshtakiwa yeye na watu wake, Februari 2012 makamu wake, Abdrabbuh Mansur Hadi, akaingia. Wataalamu wa UN 2015 walikadiria alikusanya kati ya dola bilioni 32 na 60. Kinga hiyo ndo kosa lililozaa mengine yote, kwa sababu alibaki Sana'a na pesa zake na makamanda wake, akaungana na Houthi ambao alipigana nao vita sita kati ya 2004 na 2010, wakachukua mji Septemba 2014. Machi 2015 Saudia na wenzake wakaanza kuwapiga Houthi mabomu. Al-Qaeda nao hawakulala, Aprili 2015 wakachukua mji wa Mukalla na pesa za benki wakaukalia mwaka mzima. Desemba 2017 Saleh akawageuka Houthi, hao hao wakamuua. UNDP, shirika la maendeleo la UN, ilikadiria mpaka mwisho wa 2021 watu 377,000 wamekufa, wengi kwa njaa na magonjwa, sio risasi. Na Houthi usiwasafishe, 2019 WFP, shirika la chakula la UN, ilisimamisha sehemu ya chakula Sana'a kwa sababu kilikuwa kinaibwa.

"Mimi ni mama, Busia. Kijana wangu ameambiwa na wakala kuna kazi ya hoteli Aden, nauli atakatwa kwenye mshahara. Aende?"

Asiende mama. Yemen walimu na madaktari wa serikali wenyewe wamekaa muda mrefu bila mshahara toka benki kuu ilipohamishwa 2016. Waethiopia na Wasomali wanaopita huko kwa boti wakitafuta kazi Saudia wanatekwa wanapigwa mpaka ndugu watume pesa. Huyo wakala muulize leseni, halafu usimwamini kwa karatasi anayokuonyesha, nenda uulize Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii kama kampuni yake iko kwenye orodha. Na pasipoti ya kijana ifiche wewe mpaka hapo.