Dalali anataka nimtumie wakili wake: nikubali?

Swali: Nanunua nyumba yangu ya kwanza hapa Leicester, flati iliyo ghorofa ya nne katika jengo la ghorofa sita. Lisi, yaani mkataba wa kumiliki flati kwa miaka maalumu, imebakiza miaka 84. Ofa imekubaliwa na benki imeniahidi mkopo. Dalali anasema mambo yatakwenda haraka nikimtumia wakili wao, tena ni nafuu. Je, ni lazima? Nikitafuta mwenyewe, nitamjuaje aliye mzuri?

Jibu: Si lazima, dada. Uingereza na Wales, kanuni za mwaka 1991 zinamkataza dalali kumbagua mnunuzi kwa sababu tu amekataa huduma zake. Kumbuka pia kwamba dalali analipwa na muuzaji. Mara nyingi ofisi ya wakili humlipa dalali kwa kila mteja anayeletwa; jambo hilo si kosa, ila wakili anatakiwa akueleze. Uliza ni kiasi gani kabla ya kusaini chochote.

Anayekubana kweli ni benki yako. Benki nyingi zina orodha ya ofisi za mawakili zinazofanya nazo kazi. Ukichagua ofisi isiyomo, huenda benki ikaweka wakili wake kwa gharama yako, na wiki zikaongezeka. Basi anza na orodha hiyo, kisha hakikisha kwamba ofisi inasimamiwa na Solicitors Regulation Authority (mamlaka ya mawakili) au Council for Licensed Conveyancers (baraza la wataalamu wa uhamishaji wa nyumba wenye leseni). Zote mbili zinakubalika kwa ununuzi wa kawaida, na kukagua mtandaoni ni kazi ya dakika chache.

Wako, lakini, si ununuzi wa kawaida, na hapa ndipo ningekuomba uwe mkali. Jengo lenye ghorofa tano au zaidi, au urefu wa mita 11 kwenda juu, linaguswa na Sheria ya Usalama wa Majengo ya 2022: nani atalipia marekebisho ya kuta zinazoshika moto, vyeti gani muuzaji atoe. Baadhi ya ofisi hazipokei kabisa majengo ya aina hiyo, na nimeona wanunuzi wakiambiwa hivyo walipokwisha lipia upekuzi wa halmashauri, yaani ukaguzi wa kumbukumbu zake kuhusu nyumba. Taja urefu wa jengo kwenye simu ya kwanza. Taja na miaka 84: ikishuka chini ya 80, kuirefusha lisi hugharimu zaidi, kwa hiyo wakili makini atalizungumzia kabla hujajifunga.

Uliza nani hasa atashika faili lako, ana mafaili mangapi, na akienda likizo nani anapokea simu. Wakili asiyejibu swali hilo vizuri, mimi nisingempa kazi hata kwa nusu ya bei.

Kuhusu bei, tangu Desemba 2018 ofisi zilizo chini ya Solicitors Regulation Authority zinatakiwa kutangaza ada zake za ununuzi wa nyumba. Tazama jumla: ada ya wakili, ada ya ziada kwa kuwa nyumba ni ya lisi, upekuzi, usajili. Kabla ya kubadilishana mikataba, hatua inayowafunga nyote wawili, kila upande unaweza kujitoa, hivyo uliza utadaiwa nini mauzo yakivunjika.

Mwisho, chukua namba ya akaunti ya ofisi mapema, ana kwa ana. Barua pepe ikija baadaye kusema akaunti imebadilika, usitume hata senti. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo.